Nilivyopaka taa za gari mafuta ya nazi siku ya kumbeba bibi harusi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Malindi na sijatia chumvi hata chembe. Nilichotia ni mafuta, na ndiyo maana naandika.

Nina gari kuukuu. Injini nzima, bodi nzima, ila headlights zilikuwa zimegeuka manjano mpaka aibu.

Shemeji yangu Zuhura, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaolewa Mambrui. Nami nilitaka gari langu ndilo limbebe. Nilitaka sana, jamani! Miaka yote ukweni mimi ni mtu wa kutumwa barafu na kupanga viti.

Mama mkwe akalizunguka, akainama mbele.

"Mwanangu, gari lako lina mtoto wa jicho. Binti yangu hatoki na kipofu. Likibaki hivi, atapanda la binamu yake."

Binamu mwenyewe ana gari jeupe, lina AC, na ana mdomo. Nikaapa.

Asubuhi ya harusi nikaingia kazini. Nikabandika tape pembeni nisikwaruze rangi, nikamwagia maji ya sabuni, nikasugua kwa sandpaper ngumu, kisha laini. Manjano yote yakatoka!

Lakini taa zikabaki na ukungu, kama glasi iliyotoka kutiwa tui. Nikajaribu dawa ya meno. Wapi! Nikanukia mint tu.

Hapo akili ya kipwani ikanijia. Kwetu chochote kilichofifia hupakwa mafuta ya nazi: nywele, magoti, mtoto mchanga. Nikachukua chupa ya mafuta ya mke wangu, yale ya kupikwa nyumbani, nikapaka.

Wakuu, zikawa kioo!

Nikapaka tena na tena mpaka yakachuruzika kwenye bampa. Mama mkwe akaja kukagua, akasema "Mashaallah," na maua yakafungwa. Binamu nilimpita bila kumsalimu.

Nikatumwa kumchukua Zuhura kwa mpambaji wake, mtaa wa Kisumu Ndogo hapa hapa Malindi. Nikawasha taa mchana kweupe, kwa maringo tu. Njia ya huko ni vumbi tupu.

Tuliporudi ukweni, vumbi lote la mtaa lilikuwa limeganda kwenye taa. Mafuta nayo yalishapata moto, gari linanuka wali wa nazi. Paka wawili wakaja kulamba bampa mbele ya wageni.

Binamu akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Zuhura, shuka," mama mkwe akasema.

Zuhura hakushuka. Tangu alfajiri alikuwa analia, wanja ulipakwa upya mara kadhaa. Sasa alikuwa anacheka.

"Mama, niache nitoke na hili. Linanuka jikoni kwetu."

Mama mkwe akavua leso yake mpya ya harusi, akainama, akaanza kupangusa taa mwenyewe. Nikamsaidia kwa shati langu. Hatukutazamana, maana sote macho yalikuwa yameloa.

Funzo: ukishasugua taa, malizia kwa polish na clear coat ya kuzuia jua. Mafuta ya nazi yanadanganya kwa saa moja tu.

Tangu siku hiyo ukweni viti hupangwa na binamu. Haya, nicheke, lakini kwanza sema wewe ulipaka nini taa zako.