Bi Mkubwa Hafutwi kwa Simu

Riwaya yangu, bila nakala nyingine popote, iliishi katika programu ya kuandikia iliyozeeka, isiyokubali kufunguka kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Nami niliutamani huo mpya, maana wenzangu waandishi kule mtaa wa Mutanga Sud walinicheka kila nilipowasha mashine. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaa wa Jabe aweke mifumo yote miwili, niwe nachagua ninapoiwasha.

"Bi mkubwa na bi mdogo mu nyumba moja," alisema. "Apana shida, dada. Mi mwenyewe niko nao wawili."

Kesho yake akapiga simu. "Dada, nafasi imeisha. Lazima nifute mumoja, kisha nimurudishe vizuri. Nifute nani, bi mkubwa ao bi mdogo?"

Mfumo mpya ulikuwa umemeza karibu diski nzima, na kwangu mimi mkubwa ni mwenye mwili.

"Futa bi mkubwa," nikasema.

Akanong'ona, "Dada, bi mkubwa wangu iko hapa anauza sambusa, na simu inasemea nje, amesikia yote. Kuja umuambie mwenyewe."

Nilimkuta mke huyo mlangoni kwa fundi, beseni la sambusa mapajani.

"Ni we unasema bi mkubwa afutwe?"

"Wa kompyuta, mama. Anakula nafasi."

"Bi mkubwa ni yule alitangulia kuingia. Huyo wako anakutunzia nini?"

Hapo ndipo nilipong'amua. Aliyetangulia ni ule mfumo wa zamani.

"Kitabu changu," nikasema, nikakaa juu ya kasha la kompyuta bovu.

Akanipa sambusa. "Kula. Hajafutwa. Bwana wangu ataanzia wapi?"

Ndani, fundi alijifanya hasikii. Akamfuta bi mdogo, akamrudisha amekonda, kisha mama akatoa amri moja: kwenye orodha ya kuchagua, bi mkubwa akae juu.

Jumamosi, Mutanga Sud, niliiwasha mashine mbele ya wenzangu nisome sura ya mwisho. Kioo kikaniuliza kwa herufi nyeupe, kama fundi alivyoziandika: Bi Mkubwa, au Bi Mdogo? Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Nikambonyeza Bi Mkubwa. Akajikokota, akakohoa kama anayetafuta kandambili zake gizani, akaniletea riwaya yangu, kila neno mahali pake.