Fundi Lifti na Swali la Tisa

Kwa miaka kumi na minane lifti ya jengo la wizara ilimtii mtu mmoja tu, fundi mfupi mwenye mikono mikubwa, baba wa mapacha. Ilikuwa lifti kongwe, yenye kiburi. Ikigoma, wengine waliipiga nyundo. Yeye aliinama, akasikiliza, akakaza skrubu moja, ikapanda.

Kisha ukaja waraka: yeyote anayepita ghorofa ya tatu kwenda juu lazima awe na kibali cha usalama. Fundi akapewa fomu ya kurasa ishirini na mbili. Akaenda nayo nyumbani, mkewe akafuta meza, wakakaa kuijaza kama watu wanaoandika wosia.

Alikuwa mkweli mpaka akapitiliza. Aliandika faini aliyotozwa ujanani kwa kuendesha baiskeli bila taa. Aliandika binamu yake aliyehamia nchi jirani, na kwamba hawasemezani tangu harusi fulani. Wakafika swali la tisa: majina mengine unayojulikana nayo, yakiwemo ya utani. Kalamu ikasimama.

"Andika," akasema mkewe.

"Niandike nini?"

"Jina lako la mtaani! Jasusi."

Alipokuwa na miaka kumi aliugua macho, daktari akaamuru avae miwani myeusi. Iliyopatikana ilikuwa ya shangazi yake, mipana kama madirisha, naye akazunguka nayo mtaani miezi mitatu. Watoto wakambandika jina la Jasusi. Miwani ilivunjika, jina likabaki zima. Wapo vijana waliodhani ndilo jina la ukoo.

"Mama Pacha, una akili kweli? Niombe kibali cha usalama, halafu niseme naitwa Jasusi? Watanifunga pingu hata wino haujakauka!"

"Na wakiuliza majirani?"

"Watauliza kwa jina langu la cheti."

"Hilo analijua nani?"

Akaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, rafiki yake wa tangu utotoni. Uso mzima ulikuwa povu. Akaingia mwanamke mwembamba mwenye koti la kijivu, faili kwapani.

"Natoka ofisi ya upekuzi. Namuulizia jirani yenu mmoja." Akalitaja jina la cheti, refu, lake na la baba na la babu.

Kinyozi akafikiri. "Hapa hayupo mtu huyo, dada. Nimenyoa mtaa huu miaka thelathini."

Chini ya povu fundi alitaka kusema, lakini wembe ulikuwa umetua kooni, na koo mtu analo moja. Akatoa sauti kama ndama.

"Tulia wewe, nitakukata," akasema kinyozi.

Afisa akatoa picha. Kinyozi akaitazama, akaangua kicheko. "Aaa! Si ungesema Jasusi!"

"Nani?"

"Jasusi wetu. Mtu mzuri sana." Na kwa kuwa alimpenda rafiki yake, akaamua kumsaidia. "Hakuna asichokijua huyo. Anaingia majengo ya wakubwa, mara yuko juu ya lifti, mara chini ya lifti, anasikia kila kitu. Lakini mdomo wake! Kaburi. Muulize mwenyewe, si huyu hapa?"

Akalifuta povu kwa taulo moja, kama mtu anayefunua sufuria. Ukatokea uso wa fundi, nusu umenyolewa, nusu bado.

"Habari za asubuhi," akasema fundi.

Afisa aliandika kwa muda mrefu.

Barua ilikuja ikiwa fupi. Ombi limekataliwa kwa sababu mwombaji ameficha taarifa kwa makusudi. Fundi akaisoma mara nne akilitafuta neno jasusi. Halikuwemo. Hilo ndilo lililomuuma. Angeitwa jasusi angalau angekana. Lakini kuitwa mfichaji, yeye aliyeandika mpaka taa ya baiskeli! Akapangiwa kubadilisha balbu kwenye maegesho. Lifti wakakabidhiwa mafundi wa kampuni moja yenye vibali vya kila rangi, nayo siku ya tatu ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ikakataa katakata.

"Kata rufaa," akasema mkewe. "Na safari hii sema yote."

Kikao kilifanyika katika stoo ya ghorofa ya chini, maana mkata rufaa haruhusiwi kupanda. Wajumbe watatu walishuka kwa miguu kutoka ghorofa ya saba. Mwenyekiti, mzee mnene, alifika akihema, akakaa dakika nzima kabla ya kupata sauti.

"Fundi, utaratibu unanilazimu nikuulize. Je, wewe ni jasusi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Yaani hapana. Ndiye mimi, lakini siye."

Afisa mwembamba, aliyekaa pembeni, akainua faili kuficha mdomo.

Fundi akaeleza habari za macho na miwani ya shangazi.

"Sasa kwa nini hukuandika?"

"Aibu, mheshimiwa. Nilidhani mtaogopa. Au mtacheka."

"Tungecheka," akakubali mwenyekiti. "Kisha tungekupa kibali. Jina la utani halimnyimi mtu kitu. Lakini anayeficha dogo, tunajiuliza, kubwa atalifanyaje? Na mwenye aibu ya siri, atakayeigundua atamburuta nayo popote."

Hapo fundi akatoa karatasi sita, za yote aliyowahi kuficha. Akaanza kusoma. Mapapai ya jirani, darasa la nne. Homa aliyojisingizia ili asiende ukweni. Alipofika kwenye redio ya kaka yake, aliyoivunja akamsingizia paka, mwenyekiti akainua mkono.

"Inatosha, inatosha! Jambo moja tu. Kinyozi anasema unasikia kila kitu. Kweli?"

"Kweli. Lifti ina matundu ya hewa juu, na watu wakishafunga mlango hudhani wako peke yao."

Mjumbe mmoja akakohoa.

"Umesikia nini hasa?"

"Mheshimiwa, nimekuja kusema yangu. Hayo si yangu."

"Hata yaliyo yangu mimi?"

"Yako ndiyo hasa, mheshimiwa."

Mwenyekiti akazitazama kucha zake kwa muda.

Kibali kilitoka Jumatano, cha mwaka mmoja, kwa sharti la kujaza fomu upya. Alhamisi lifti ikapanda. Ilikuwa swichi ya mlango tu, imejaa vumbi.

Jioni ile mkewe, aliyekwisha kusimuliwa habari za kikao, alipakua chakula, akasogeza kiti. "Enhe. Huyo mwenyekiti alisema nini kwenye lifti?"

"Siwezi kusema."

"Hata mimi mkeo?"

"Hata wewe, Mama Pacha."

"Miaka kumi na minane umezikalia habari zote hizo, nami nakupikia?" Akanyanyua bakuli la mchuzi, akalirudisha jikoni.

Fundi alikula chakula kikavu siku mbili. Siku ya tatu dada yake mkubwa akaja kuwapatanisha. Akasikiliza pande zote, akampa mdogo wake haki, akamtuliza wifi yake. Wifi alipokwenda kuteka maji, dada akamwinamia fundi sikioni.

"Mimi ni damu yako," akanong'ona. "Nidokeze kidogo tu."