Udi wa Shemeji

Tangu jana shemeji yangu Athmani hanisemeshi, na ana haki. Niliacha shule mapema na kila kazi nikaikimbia, lakini yeye alinipa nafasi ya mwisho: nimuundie kompyuta ya chumba chake cha michezo ya video, mtaani Bondeni. Nikachagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta, rahisi kuliko zote dukani, na feni ya kuipoza nikaikataa kwa kujifanya najua.

"Haitapata moto?" akauliza.

"Shemeji, kwani hii ni injini ya lori?"

Jana, majirani walipokusanyika kuitazama, Mama alikuja na chetezo, atufukizie udi kuzuia husuda. Nikawasha kompyuta. Mchezo ukaanza, majirani wakashangilia, moshi ukapanda.

"Mashallah, mama, udi wa leo mkali!"

Mama akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, chetezoni hata makaa sijatia."