Tenki Chini ya Kiti cha Mama

Baba alipokufa aliacha mke, watoto wawili wa kiume, nyumba ya Kirumba hapa Mwanza yenye ufa unaoanzia dirishani mpaka chini, na gari la zamani la porini ambalo hata wezi hawakulitaka. Betri yake waliiba mara mbili. Gari lenyewe waliliacha.

Lilikuwa gari la bodi ya alumini, pua bapa, umri wake mkubwa kuliko wangu. Baba alilinunua kwenye mnada wa mradi mmoja wa pamba uliokufa, na tangu hapo likabeba pamba, mpunga, saruji na ndugu zake. Tenki lake la mafuta lilikuwa mahali pa ajabu, chini ya kiti cha mbele cha abiria. Mkifika kituo cha mafuta, mheshimiwa aliyekaa mbele anashuka, mto wa kiti unanyanyuliwa, kifuniko kinafunguliwa, mafuta yanamiminwa, mto unarudishwa, mheshimiwa anapanda tena huku akinusa suruali yake.

Nasema mheshimiwa kwa sababu mama hakuwahi kukaa pale. Katikati baba alifunga sanduku la spana, kwa hiyo mbele kulibaki nafasi mbili, yake na ya mgeni. Mgeni alikuwa mdogo wake, au diwani, au mwanaume yeyote aliyesimama kando ya barabara ya Magu akiwa amevaa koti. Safari moja mgeni alikuwa mbuzi. Alikuwa beberu wa mahari, na baba alisema akiwekwa nyuma ataruka. Mama, ambaye haruki, alikaa nyuma juu ya magunia. Mimi nilikuwa naye huko nyuma na sikuona ubaya wowote. Nalisema hili mapema ili msomaji asinidhanie wema nisiokuwa nao.

Ulipokaribia mwaka tangu tumzike, ukoo ulikutana sebuleni kwetu kupanga siku ya kwenda Magu kulijengea kaburi na kusimika msalaba. Kaka yangu, mwenye kazi ya ofisini kule Nyamagana na anayeongea kama anasoma barua, alitaja mahitaji: saruji, kokoto, mchele, turubai. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Nataka kwenda na gari lake," alisema. "Nikae mbele."

Watu walicheka. Baba mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. Yale ya msiba aliyamaliza siku ya kwanza, mbele ya watu wengi. Mimi siku ya mazishi sikulia, nilibeba viti vya kukodi. Wapo wanaosema hadi leo kwamba nina moyo mgumu, na sibishani nao. Kazi yangu ni kushona makava ya viti vya bajaji na bodaboda. Nikitaka kulia nalia nikishona, maana mashine ina kelele.

Kwa kuwa mjane hanyimwi jambo mbele ya watu, ukoo ulikubali gari litengenezwe. Injini haikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa tenki. Baba alikuwa na tabia ya kuliziba kwa sabuni ya mche: likitoboka anasugua kipande cha sabuni panapovuja, anaendelea na safari. Fundi alipoliteremsha aliligonga kwa kidole, akatuangalia.

"Wazee, tenki liliondoka siku nyingi," alisema. "Mlikuwa mnatembelea sabuni."

Tukaanza kutafuta lingine. La kwanza lilitoka kwenye gari lililokufa la aina ileile. Kutu ilikuwa imelijaa ndani na ukilitikisa linalia kama manyanga. La pili alilileta mtu wa soko la samaki la Mwaloni, tenki jekundu la plastiki la injini ya mtumbwi, linanuka petroli na dagaa kwa pamoja. Aliapa kwamba limekwenda Ukerewe na kurudi bila kuvuja tone. Fundi alimwambia sawa, lakini sisi tunakwenda Magu, na Magu kuna barabara.

La tatu lilikuwa dukani mjini. Halikutoka kiwanda kilichounda gari. Lilitengenezwa na watu wengine wanaoiga vipuri vya magari ya zamani, na muuzaji alisema ni bati jipya, zito kuliko la asili. Yalikuwepo ya aina mbili. Dogo lilikuwa kipimo kilekile cha lile la sabuni. Kubwa liliitwa la safari ndefu, lita tisini, na mgongo wake ulikuwa umenyanyuka kama wa ng'ombe. Kaka alituma picha zote mbili kwenye kundi la ukoo la simu, na watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli wakaanza kutoa ushauri.

Jioni baba mdogo akaja nyumbani na uamuzi wake.

"Kubwa," alisema. "Gari la mwanaume haliwekwi kibuyu. Ukilijaza hili, unafika Tabora bila kushuka."

"Nani yuko Tabora?" mama aliuliza.

"Hakuna mtu Tabora, shemeji. Ni mfano."

"Magu ni saa moja na nusu kwa gari lile."

"Ndiyo, lakini ukitaka kwenda Tabora?"

Mama alirudi kuchambua mchele. Kaka akasema kitaalamu ni vizuri kuwa na akiba. Neno kitaalamu likamaliza mjadala. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na futi yangu ya kupimia shingoni, kama siku zote. Kesho yake tulikwenda wote dukani, tukaligonga tenki, tukalinusa, tukapiga nalo picha. Hakuna aliyelipima kimo. Wanaume watatu na futi moja, na hakuna aliyelipima. Muuzaji alitukumbusha kwamba likishatiwa mafuta halirudishwi, na baba mdogo alimjibu kwamba sisi si watu wa kurudisha vitu.

Gereji ya fundi iko juu ya jabali, kama nusu ya vitu vya Mwanza. Kabla hata spana haijashikwa, baba mdogo alimimina lita tano ndani ya tenki, ili, alisema, tulisikie. Tulilisikia. Lilisema chubwi. Ndipo fundi akaliingiza chini ya kiti, akalisukuma huku, akalisukuma kule, akalitoa, akakata vishikio viwili kwa msumeno, akabandika vipande vya mpira wa tairi ili bati lisisuguane na bati, akaliingiza tena. Upana lilienea. Urefu lilienea. Kwenda juu lilitokeza inchi nane nje ya kisanduku cha kiti.

Tulisimama kulitazama.

"Si neno," fundi alisema akinigeukia. "Huyu si ndiye mtu wa viti? Apunguze sponji."

Hapo ndipo palipotakiwa mtu wa kusema hapana, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilichukua mto wa kiti, nikaenda nao kibandani kwangu, nikachana kava, nikaanza kupunguza sponji. Sponji ya inchi tano niliishusha mpaka moja. Najua kazi yangu: chini ya inchi tatu mtu hajakaa kwenye kiti, amekaa kwenye habari ya kiti. Nilimshonea mama yangu habari hiyo kwa uzi mzuri, pindo mbili.

Jumamosi alikuja kujaribu. Alivaa gauni lake la kanisani. Fundi alimshika mkono, akapanda, akakaa. Kilemba kiligusa paa kikasogea mpaka kwenye nyusi. Magoti yalibana kwenye dashibodi. Alikaa pale ameinamisha shingo kama mtu anayechungulia chini ya kitanda.

"Niambieni," alisema, "nimekaa kwenye kiti au kwenye kabati?"

"Utazoea," kaka alisema.

"Au shemeji akae nyuma tu kama kawaida," baba mdogo akasema, kwa sauti njema kabisa. "Nyuma kuna nafasi, ananyoosha miguu. Mbele nitabana mimi, nitavumilia."

Mama alishuka, akanyoosha gauni, akamshukuru fundi kwa kazi, akaondoka kwa miguu kuteremka lile jabali. Nilimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye kona. Hapo tu ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameomba kitu kimoja tangu baba afe, na kitu hicho nilikuwa nimekipunguza kwa kisu changu mwenyewe.

Sikufanya ushujaa wowote. Nilingoja Jumatatu, wakati kaka yuko ofisini na baba mdogo yuko kwenye shughuli zake ambazo hajawahi kuzitaja. Nikaenda kwa fundi.

"Litoe," nilimwambia.

"Nilipeleke wapi? Dukani hawalipokei, limeshakunywa."

"Lifunge nyuma. Mahali pa benchi la kushoto."

Fundi alijikuna. Alisema inawezekana, paipu itakuwa ndefu kidogo, na bomba la kupumulia lazima litokee nje la sivyo watu wa nyuma watalewa. Aliuliza kama wazee wamekubali. Nikamwambia hawajaulizwa. Alicheka, akaenda kutafuta spana namba kumi na saba. Siku ile alilaza tenki kwenye sakafu ya nyuma, akalifunga kwa mikanda miwili ya chuma, akaweka ubao juu yake, maana benchi halikuwepo tena. Chini ya kiti cha mbele pakabaki patupu. Mimi nikaenda kununua sponji mpya, ngumu, inchi tano kamili.

Baba mdogo alipoliona siku mbili baadaye, aliita kikao palepale gereji.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Wewe mtu wa makava, darasa la saba, unajua nini habari za tenki?"

"Sijui tenki, baba mdogo," nilimwambia. "Najua kiti."

Alimtazama kaka ili amsaidie. Kaka alikuwa anasoma simu. Baba mdogo alisema baba angekuwa hai angeaibika, na hilo liliniuma, kwa sababu inawezekana ni kweli. Baba yangu nilimpenda na bado nampenda, na sina hakika angemwachia mama kiti kile hata siku moja. Sikusema hivyo. Nilisema tu kwamba tutaondoka Ijumaa asubuhi.

Niliendesha mimi. Mama alikaa mbele, kilemba kimenyooka, mikono mapajani. Nyuma walikaa kaka, mifuko ya saruji na baba mdogo, ambaye alipata nafasi juu ya ubao wa tenki. Kila nikishika breki nilisikia mafuta yakitembea chini yake. Katika lita tisini tulikuwa tumeweka kumi na tano.

Tulipopita Kisesa mama alianza kusogeza miguu. Joto la injini huja lote upande ule, na bati la chini huwaka kama kikaango.

"Kumbe huku kuna joto hivi," alisema.

"Nisimame?"

"Usimame ya nini?" Alivua ndala, akazilaza juu ya bati akazikanyaga. Baada ya muda alisema, kama anayejisemea, "Miaka yote hiyo walikuwa wanaungua, hakuna aliyesema."

Kaburi tulilijenga, msalaba tukausimika, ukapinda kidogo, tukaunyoosha. Mimi nilichanganya zege. Mchungaji wa pale kijijini aliomba kwa kirefu, na baada ya chakula akasema ana safari ya mjini, atashukuru akipata lifti. Baba mdogo akasema lifti ipo, kwa furaha ambayo sikuwa nimemwona nayo wiki nzima.

Mama alikuwa ameshapanda. Mchungaji akaja mpaka mlango wa mbele, Biblia kwapani, akashika kitasa na kungoja. Watu wa aina yake hawajawahi kulazimika kusema.

"Shemeji," baba mdogo aliita, "mpishe mtumishi wa Mungu."

Nilishika usukani kwa mikono miwili, na nakiri kwamba nilitazama mbele.

"Mchungaji," mama alisema, "huku kuna joto sana. Miguu inaungua."

"Joto nitavumilia, mama."

"Na mimi navumilia," mama akasema. "Nyuma kuna hewa. Watakushika mkono upande."

Akavuta mlango. Mlango ule haufungiki kwa mara moja, akaurudia kwa nguvu zaidi. Nikawasha gari. Nyuma nilimsikia baba mdogo akisogea kwenye ubao ili mchungaji apate pa kukaa, kisha akaanza kumweleza kwamba tenki walilokalia linaingia lita tisini.