Halua ya Juu ya Paa

Jirani anabadilisha lami ya paa lake, na harufu imeingia mpaka kwenye kabati la nguo. Nimefunga madirisha yote, lakini mate mabaya yameshanijaa kinywani.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Maskati ilikuwa ndogo, na lami iliyotandikwa juu ya paa lake la zege ilikuwa imepasukapasuka kwa jua. Mafundi walipoibandua, chini yake kulikuwa na uozo mweusi, mavi ya njiwa, na mjusi aliyekauka akaganda kama kiraka. Kisha wakawasha moto huko huko juu, chini ya pipa la lami mpya, wakawa wanaikoroga kwa mti mrefu.

"Bibi, wanapika nini?" nikauliza.

"Halua!" akajibu kwa kejeli, maana moshi ulikuwa umemharibia nguo alizoanika.

Nikaamini. Halua yetu nayo ni nyeusi, inang'aa, na hukorogwa vile vile. Mafundi waliposhuka kwenda kusali adhuhuri, nikapanda, nikaokota donge lililodondoka na kupoa, nikalitia mdomoni.

Likaninata menoni, pamoja na unyoya wa njiwa. Bibi alinisugua ulimi kwa samli na kitambaa, huku akinigombeza.

"Mchafu we! Nani kakwambia ule?"



Kila Iddi, mpaka alipokufa, alinimegea halua kwa mkono wake mwenyewe. Na kila Iddi nilipanda kule juu, nikaitema nyuma ya tangi la maji.