Nyasi za Ukingoni

Kosa langu la kwanza katika biashara nililifanya kabla sijajua kwamba ile ilikuwa biashara: nilisafisha ukingo wa mfereji mpaka ukang'aa. Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizotoka kukatwa, naangalia kwanza panga liko wapi. Msinishangae. Kwangu mimi harufu ile imechanganyika na ya damu.

Kwetu ni juu ya Mgwashi, mahali ambapo ukungu huingia jikoni asubuhi bila kubisha hodi. Baba alilima nyanya shamba la juu. Mdogo wake, Baba Mdogo Athumani, alilima shamba la chini, na ndiye aliyegonga matenga ya mbao ya kusafirishia nyanya za wote wawili. Mfereji ulikuwa mmoja: maji yalipita kwa baba, kisha yakateremka kwa Baba Mdogo. Lori la Fuso nalo lilipopanda, lilibeba mzigo wa wote.

Kazi yangu ilikuwa kukata nyasi laini za kutandika ndani ya matenga, nyanya zisipondeke njiani. Niliipenda kupita kiasi. Nilikuwa mtoto wa kukosa usingizi kwa sababu ya mstari uliopinda daftarini. Panga langu nililinoa kwenye jiwe la mtoni hadi likanyoa vinyweleo vya mkono. Kiangazi kile nyasi nzuri zilibaki kwenye ukingo wa mfereji tu. Nikazikata, lakini visiki vyake vilinikera, vilikaa kama kidevu cha mlevi. Nikang'oa hadi mizizi. Nikafagia. Baba alipita akacheka: "Mwanangu, hapa hata bwana harusi anaweza kulala."

Kesho yake ukingo ulibomoka. Maji yote yakamwagikia shamba la baba, ambaye alikuwa ameshuka sokoni tangu alfajiri. Shamba la chini halikupata hata tone, na nyanya zake ndiyo kwanza zilikuwa zinajaza.

Baba Mdogo aliona nyanya za kaka yake zimeoga na zake zimelala. Akapanda kwetu na ubao wa tenga mkononi. Mimi na mama tulikuwa uani tunapanga nyanya. Baba ndiyo kwanza alikuwa anafika kutoka sokoni.

"Umevunja ukingo uninyime maji!"

"Athumani, kwanza nisalimie."

"Shikamoo ya nini, mwizi wewe? Hassani, nakuuliza!"

Hakuwahi kumtaja baba kwa jina. Maisha yake yote alimwita kaka.

"Nenda kagonge matenga," baba akasema polepole. "Kilimo hukukiweza tangu zamani."

Ubao ulimpata baba sikioni. Aliangukia matenga, yakapasuka, nyanya zikabingirika uani na kupondwa na miguu yao. Walipigana kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa kwa miaka. Nilimwita baba kwa kelele, kwa lugha ya nyumbani, "Tate! Tate!", kisha nikasema ni mimi, nyasi nilizing'oa mimi. Hakuna aliyegeuka. Mkono wa baba ulipapasa chini, ukakuta panga langu nililoliacha kando ya matenga. Baba Mdogo aliinua mkono wa kulia kujikinga.

Nilikuwa nimelinoa vizuri mno. Vidole viwili viliangukia kwenye nyanya zilizopondeka, vidogo kuliko nilivyodhani vidole vya mtu mzima vinaweza kuwa.

Mama ndiye aliyeokota ubao, akampiga baba kiwikoni mpaka panga likamtoka. Kisha akafunga mkono wa shemeji yake kwa khanga, huku akilia kwa hasira: "Haya! Matenga atagonga nani sasa?"

Nilidhani amerukwa na akili, kuwaza matenga saa ile. Lakini Fuso lilipanda, likakuta hakuna matenga, likashuka tupu. Nyanya za juu zikaoza, za chini zikanyauka. Ng'ombe akauzwa kwa ajili ya hospitali. Samadi ikakosekana, na msimu uliofuata tukavuna nyanya ndogo kama ndulele.

Biashara sikufundishwa na mtu. Nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma kwenye simu na kukosea, na nilichelewa sana kugundua kwamba mama alikwisha kuniambia yote siku ile. Mimi nilijua nyanya tu. Sikujua kwamba visiki vile vibaya vilishika udongo, udongo ukashika maji, maji yakawashika ndugu wawili, na kwamba neno "kaka" lilifanya kazi kila siku kama msumari kwenye tenga. Nimejilaumu sana. Ila nyasi hazikumfundisha baba lile tusi. Lilikuwa ndani yake siku zote, likisubiri ukingo ubomoke.

Siku hizi nauza nyanya za mashamba yote mawili. Baba Mdogo anagonga matenga kwa mkono wa kushoto, na bado anamwita baba kwa jina, Hassani. Nyasi za kutandika nazifuata mbali, mlimani. Za ukingoni sikati.