Bi Pasi na Meza ya Dirishani

Bi Pasi amepiga pasi nguo za watu sokoni mpaka viganja vimeota sugu, na ulimi wake una moto kuliko makaa yake. Mtu akimwita mshonaji wa meza ya pili "yule bubu", jibu analo: "Mwite Fundi kama sisi wengine, au shati lako litoke na makunyanzi."

Fundi ni kiziwi. Alikuwa akishona chini ya dirisha, bega kwa bega na mashine ya kusaga nafaka, ile inayonguruma mpaka meno yanacheza kinywani. Bi Pasi akamwonea huruma. Bila kumuuliza mwenyewe, akamwendea mwenyekiti wa soko, akamganda kama kupe hadi Fundi akapewa kona tulivu nyuma ya ukumbi. Akarudi kifua mbele, utadhani kaoza binti.

Cherehani ikahamishwa. Fundi hakushukuru. Alihangaika kutunga sindano kwenye giza la kona ile, mwishowe akamtupia Bi Pasi gauni lililoshonwa upogo. Akaonyesha dirisha, akaonyesha macho yake. Kisha akaielekezea kidole mashine, akagusa sikio na kuinua mabega.

Bi Pasi akaelewa. Kumbe kampigania kiziwi apewe kimya. Na meza ya dirishani imeshaahidiwa muuza viatu, anaingia kesho yake. Fundi akibaki gizani, kazi ndiyo imekwisha.

Kurudi kwa mwenyekiti kulimchoma, maana tangu usichana neno lake halirudi nyuma. Alikwenda hivyo hivyo. Ila safari hii alimtanguliza Fundi, pamoja na wifi yake Fundi wa kutafsiri ishara, yeye akafuata nyuma kaibana midomo. Mwenyekiti akamgeukia Bi Pasi: "Haya, bibi, leo mnataka nini tena?"

"Usiniulize mimi, baba. Mwenye meza yuko mbele yako."

Fundi akasema kwa mikono, hakubakiza. Meza akarudishiwa, muuza viatu akapewa kona. Lakini Fundi alikuwa na neno la ziada, na wifi alilitafsiri huku akicheka: Bi Pasi naye ahamie dirishani, nguo zitoke cherehani ziingie pasi moja kwa moja.

Bi Pasi, mpenda utulivu, alitafuta pa kukatalia asipaone.

Siku hizi anapiga pasi kando ya mashine, hasikii hata jina lake. Ishara amejifunza kwa haja, si kwa hisani, kwani umbea haungoji mashine izimwe. Wateja wakiwaona wale wawili wanatikisika kwa kicheko, kila mmoja huinama kukagua vifungo vyake.